Nilivyompigia Vigelegele Mke Mwenza

Mume wangu hakuwa mtu wa wanawake. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wa Mlowo bado wanasimulia vingine, na wengi wao wakati ule walikuwa hata hawajazaliwa. Kutazamwa alitazamwa. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye meno mazuri, na siku za soko kulikuwa na mama mmoja muuza ulezi aliyekuwa akimwongezea kibaba bila kuombwa. Mimi nilipita nikacheka. Huyo muuza ulezi sikumwonea wivu hata siku moja. Wivu wangu wote niliuweka kwenye kitu ambacho sikuwahi kukiona, kilichokaa ndani ya maji ya chumvi mbali kabisa na Mbozi, na ambacho hakikujua kama nimezaliwa. Kitu chenyewe kinaitwa matumbawe.

Siku zile za Mwingereza, vijana wetu wengi waliotaka kuona dunia walivuka Tunduma wakaingia Rhodesia, wakafanya kazi migodini, wakarudi na baiskeli na maneno ya Kibemba. Yeye akaelekea upande mwingine, kwenye mkonge. Mkonge ulimchosha mapema. Akapata kazi kwa Mzungu mmoja mzee aliyeishi peke yake ufukweni, ambaye shughuli yake ilikuwa kutazama vitu vya chini ya bahari na kuvichora kwa rangi. Kazi ya mume wangu ilikuwa kubeba sanduku la mbao ambalo chini yake lilitiwa kioo badala ya ubao. Maji yakipwa waliingia baharini kwa miguu mpaka kiunoni. Ukilikandamiza sanduku kidogo juu ya maji, viwimbi vinatulia chini yake, nawe unaona mpaka sakafuni kama unavyochungulia dirishani.

Mara ya kwanza aliporudi nyumbani kwa likizo aliniletea kanga, na ndani ya kanga alikuwa amefunga jiwe jeupe lenye matundu matundu. Akanipa kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mtu mtoto mchanga. Nikaligeuza. Nikamwuliza linafanya kazi gani. Akasema halifanyi kazi, ni mfupa wa tumbawe, lilikufa zamani, yeye aliliokota ufukweni ili nipate kuona umbo lake tu. Likiwa hai ni kitu kingine kabisa. Nikasema asante. Kisha nikawa nalisugulia visigino.

Huyo mtu nimesema alikuwa mkimya. Ukimwuliza habari za mama yake alijibu "mzima," akanyamaza. Lakini akianza matumbawe, ugali ulipoa. Akaniambia si jiwe na si mti, ni wanyama wadogo wasiohesabika waliojenga nyumba moja na kukaa pamoja bila ugomvi. Akaniambia mengine yana rangi ya kahawa iliyokaangwa, mengine ya zambarau zilizoiva, mengine kijani ya jani la mgomba linapofunguka. Nikamsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamwambia aniambie, bila kunitazama, kanga niliyovaa ina rangi gani. Akaangalia sahani yake. Kanga ile alininunulia mwenyewe.

Hapo ndipo nilipoanza kumwita mke mwenza.

Mimi nilikuwa na mdomo, na bado ninao. Nilikuwa nikisema kisimani, wenzangu wakisikia: yule mke mwenza wangu wa pwani kamlisha nini safari hii, mbona karudi amekonda? Nilisema kwa kucheka, lakini uchungu ulikuwamo, na watu wa kisimani hawachukui kicheko, wanachukua neno. Neno likapanda mlima likafika kanisani. Jioni moja wazee wa kanisa wawili wakaja kwetu na kofia mikononi, wakaketi, wakakataa uji, nikajua kuna jambo.

"Mwanetu," akasema mmoja, "tumesikia huko pwani unaye mwingine."

Wazee walisema Kiswahili cha kanisani, na Kiswahili cha mume wangu kilikuwa kama changu wakati ule, Kiswahili kilichokaa juu ya Kinyiha cha kwetu, na katika kusema alichanganya mambo ya watu na mambo ya vitu. Akadhani wazee wamekuja kumwuliza kazi yake. Alifurahi mno, maana hakuna aliyewahi kumwuliza.

"Ndiyo, wazee. Mzuri sana."

"Mzuri?"

"Mno. Mkimwona asubuhi, maji yametulia, hamtatamani kuondoka."

Mzee akaigeuza kofia yake mkononi. "Na watoto? Wapo?"

"Wale wadogo wadogo? Wengi! Wanaingia na kutoka mchana kutwa. Wa njano, wa bluu, na wengine wana mistari."

Wazee wakatazamana. Kwa watoto wa mistari hawakuwa wamejiandaa. Mimi nilisimama mlangoni pa jiko nikawaacha waendelee, maana nilitaka wambane kidogo, naye abanwe. Mwisho jambo likafunguka, wakajua ni vitu vya baharini na samaki wake, wakacheka mpaka kofia zikaanguka. Wakati wa kutoka, yule mkubwa akanivuta pembeni.

"Mama, mshukuru Mungu. Wenzako wanaachwa kwa ajili ya watu."

"Mtu ningemwendea nikampasulia ukweli wake," nikamjibu. "Huyu nitamwambia nini?"

Tungeendelea hivyo hivyo, yeye akienda na kurudi, mimi nikinung'unika, kama si ile Krismasi aliyokuja na shauri. Tulikuwa tumemaliza kula. Watoto walikuwa nje. Akasema, taratibu, kama mtu aliyefanya mazoezi njia nzima: "Mama, nimefikiri. Shamba tumwachie mdogo wangu, twende wote pwani tukakae. Watoto watazoea."

Nataka ieleweke shamba lenyewe lilikuwa nini. Miche ile ya kahawa niliibeba mimi kichwani, mvua ikinyesha, nikiwa na mimba. Mashimo tulichimba wote. Ilikuwa imeanza tu kuzaa vizuri, na majirani walikuwa wamekwisha acha kutucheka. Na shamba la kahawa humwachii mtu, ukimwachia umempa. Mdogo wake hakuwa mtu mbaya, lakini angepogoa mara moja, angechuma mara mbili, na mara ya tatu angetuuliza tumekuja kumtembelea mpaka lini. Tukiondoka hatukuwa na pa kurudi. Mama yangu alikuwa Ruanda, ile Ruanda ya kwetu Mbozi, kaburi la baba yangu lilikuwa Ruanda, na mimi ni mtu wa baridi. Jua la Tunduma tu lilikuwa linanitosha kuumwa kichwa.

Sikupiga kelele. Hilo lilimtisha zaidi.

"Kwanza nikamwone," nikasema.

"Nani?"

"Huyo. Unipeleke nikamwone kwa macho yangu. Nikimwona nikakubali, tutahama, wala hutasikia neno. Nikikataa, wewe unarudi, unakaa hapa na kahawa yako na mimi."

Akakubali haraka mno. Alikuwa ana hakika kwamba mtu yeyote akitazama ndani ya sanduku lile atashindwa, na mimi niliona hakika hiyo usoni mwake, ikaniudhi njia nzima.

Watoto tukawaacha kwa mama yangu. Tukasafiri kwa lori kwenye matope, tukashuka kusukuma zaidi ya tulivyopanda, tukafika Iringa, tukafika Dodoma, tukapanda treni. Pwani nilipokelewa na joto ambalo sikujua Mungu analo. Tulipanga chumba kwa bibi mmoja wa Kiislamu, mjane, mwembamba, mwenye mikono yenye makovu ya miamba, ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta pweza maji yakipwa. Alinipenda tangu siku ya kwanza kwa sababu nilimchekesha bila kukusudia. Nilimwuliza kwa nini kila chakula wanakiogesha kwa nazi. Nilimwuliza kama bahari huwa inalala.

Wao pwani wana siku za bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana, na ndizo siku za kuingia mwambani. Bamvua ilipofika tukaingia, yeye na sanduku mbele, mimi nyuma nimekunja kanga, ninamshika shati. Nilikuwa nimejiandalia neno la kusema. Nilikusudia kutazama kidogo, kusonya, na kusema: ndiyo haya tu?

Nikainamisha uso kwenye sanduku.

Kulikuwa na tumbawe moja kubwa la mviringo, kama chungu kilichofunikwa, rangi yake kahawia kabisa, ile ya punje ya kahawa ikitoka kaangoni, na juu yake limechorwa mikunjo kama ubongo. Kando yake mengine yamesimama mfano wa pembe za swala, na kwenye kila ncha pana ubuluu mdogo. Samaki waliingia ndani ya pembe zile na kutoka, wa njano, wa mistari, hakuwaongopea wazee. Mume wangu alikuwa amesimama ubavuni pangu, mkono wake umo ndani ya maji unanionyesha hili na lile, na sauti aliyokuwa akisema nayo niliijua. Ndiyo sauti aliyonitongozea. Nilikuwa sijaisikia tangu mtoto wetu wa kwanza.

Nilishindwa pale pale, na sikumwambia. Huyo mke mwenza alikuwa mzuri kunizidi, alikuwa mzuri kuzidi kahawa, kuzidi ukungu wa asubuhi Mbozi, na alikuwa hata hafanyi juhudi. Machozi yaliyonitoka nilisema ni chumvi.

"Umeonaje?" akaniuliza.

"Sijaona vizuri. Nitatazama tena bamvua inayokuja."

Nilikuwa natafuta siku. Nilijua nikifungua mdomo shamba limekwenda.

Siku zile upepo ukafa. Bibi akasema si kawaida, kaskazi imekatika mapema. Bahari ikalala kama mafuta kwenye sufuria, jua likaikalia kutwa, na mtu akiingiza mguu jioni alikuta maji ya vuguvugu kama ya kuoshea vyombo. Mzungu alikuwa kitandani na homa, hakutoka. Bamvua ndogo katikati ya mwezi ikapita, mume wangu akaenda peke yake, akarudi akisema rangi zimekuwa za ajabu. Kuna zambarau iliyogeuka ikawa kali inawaka, kuna kahawia iliyokwisha kuwa njano ya limau. Akasema kwa mashaka. Mimi nikadhani anamsifia tu mke mwenza wangu.

Bamvua kubwa iliyofuata tukaingia tena. Wanawake wa pweza walikuwa wametangulia, wametawanyika mwambani na vijiti vyao, Bibi akiwa mmojawapo. Nilikuwa nimekwisha amua. Nitatazama, nitasema kweli, tutahama. Nikainama kwenye kioo.

Mwamba wote ulikuwa mweupe.

Sijui kama nitaeleza vizuri kwa mtu asiyetoka kwenye kahawa. Kwetu, mvua za kwanza zikigusa ardhi baada ya kiangazi, unalala mibuni ikiwa ya kijani, na asubuhi unafungua mlango unakuta shamba zima, bonde zima, limekuwa jeupe. Kila tawi limevaa maua toka shinani mpaka nchani. Halikuulizi uko tayari au la. Na ukiliona hivyo unajua mwaka huu mmepona, watoto watavaa, paa litaezekwa, na mwanamke wa kwanza kutoka nje hupiga vigelegele, na wa ng'ambo humjibu. Kwa hiyo niliyaona yale matawi ya pembe za swala, kila moja jeupe toka chini mpaka nchani, na kile chungu kikubwa cheupe, na weupe mpaka macho yalipoishia, na kabla akili haijafika mdomo ukawa umekwisha fika.

"Limechanua!" nikapaza sauti. Nikainua kichwa, maji kiunoni, nikapiga vigelegele. Nilipiga vya kwetu, virefu, vya kusikika bonde la pili. Kisha nikainama tena kunusa, maana maua ya kahawa yananukia mpaka ndani ya nyumba. Kilichonijia ni harufu ya chumvi.

Katikati ya kunusa nikakumbuka ninampigia nani vigelegele. Nikaona mke mwenza wangu amevaa shela, mimi niliyeolewa na kitambaa cha kuazima, na mimi ndiye ninayemshangilia. Wivu ulinipanda mpaka masikioni.

Wanawake wa pweza walikuwa wamesimama wakinitazama. Mmoja akaanza kucheka, akaacha. Bibi akaja akipasua maji polepole.

"Mwanangu, unampigia nani vigelegele?"

"Bibi, huoni? Mwamba umechanua wote!"

Bibi akainama, akatazama maji bila kioo, yeye hakukihitaji. Akaniangalia kwa huruma.

"Haukuchanua, mwanangu. Umepauka."

Neno hilo nililijua. Kwetu kupauka ni miguu ya mtoto ambaye mama yake hakumpaka mafuta. Nikamgeukia mume wangu nikamwambia, "Si apakwe mafuta basi?" Hakucheka. Alikuwa ameshika sanduku kwa mikono miwili na hatazami ndani. Bibi akasema amewahi kuona hivyo mara moja, alipokuwa mwari, joto lilipozidi. Rangi ikatoka, na sehemu moja ya mwamba haikurudi tena, ikaishia kuchomwa chokaa.

Nilifurahi. Sitazunguka hapo. Nilisimama kwenye maji yale ya moto nikahisi shamba langu linanirudia mche kwa mche.

Tulipokuwa tunatoka majini, mume wangu akasema kwa Kinyiha, chini chini, asisikie mtu: "Hata mimi. Nilipoweka kioo tu moyo uliruka. Nikasema limechanua. Kisha nikakumbuka niko wapi."

Katika pwani ile nzima hapakuwa na mtu mwingine ambaye angeweza kukosea kosa lile, ila mimi na yeye. Kwa urefu wa ufukwe ule, mpaka tulipofika kwenye minazi, alikuwa wangu kabisa.

Ilikuwa ni mpaka kwenye minazi tu. Kesho yake akarudi mwambani, na keshokutwa. Akaniambia halijafa, amegusa, bado lina ute. Likifa linakuwa kavu kama jiwe nililosugulia visigino. Kumbe alijua. Akasema wale wanyama wadogo bado wamo ndani, weupe, unawaona ukikaza macho, ila wana njaa. Alisema "wana njaa" na yeye mwenyewe alikuwa hali. Nilimpikia akaacha. Alirudi mgongo umeungua, akalala bila kusema, akaamka kusikiliza kama upepo umerudi.

Mke mwenza mzima unaweza kumsema. Unaweza kumkuta njiani ukamtemea mate. Lakini akiugua, unanyang'anywa hata matusi, na mume anakwenda kumwuguza mchana kweupe na watu wanamsifu kwa moyo wake. Nilimwonea wivu yule mwenye rangi. Huyu mweupe, mgonjwa, asiye na samaki, nilimwonea wivu mara mbili. Mimi nilipokuwa na homa ya uzazi mume wangu alikuwa kwenye mkonge.

Masika ikaisha. Nilijua Mbozi kahawa inaanza kuwa nyekundu.

"Mimi narudi," nikamwambia. "Nimemwona. Jibu langu unalijua. Twende."

Akakaa kitako ukingoni mwa kitanda, akatazama mikono yake.

"Siwezi kumwacha hivi," akasema.

Nimesema Kiswahili chake kilichanganya watu na vitu. Lakini tulikuwa tunaongea Kinyiha wakati wote, na neno hilo moja alilisema kwa Kiswahili. Kumwacha. Sikumsahihisha. Nikafunga mzigo, Bibi akanipa nazi za watoto, nikapanda treni peke yangu.

Mavuno yale nilichuma na mama yangu na watoto. Mdogo wa mume wangu alipita mara kwa mara kutazama shamba, akikagua mipaka kwa macho, akiniuliza kaka amesema atarudi lini. Nilimjibu kwamba kaka yake anauguza mtu. Nilikuwa nimechoka hata kueleza.

Alirudi kahawa ya mwisho ikiwa kwenye vichanja vya kuanikia. Nilimwona akipandisha kilima na sanduku lake la bati begani, nikaendelea na kazi, nilitaka atembee mpaka mwisho. Akasema Mzungu amechukuliwa na ndugu zake kupelekwa Ulaya. Akasema upepo ulirudi, lakini sehemu kubwa ya mwamba imeota utandu wa kijani kama ukuta wa kisima, na yeye amechoka kutazama. Nikamtengea ugali. Akala wote. Neno matumbawe halikutajwa tena nyumbani kwetu.

Watu walisema nimeshinda. Shamba likapanuka, tukaezeka bati, watoto wakaenda shule ya misheni, mume wangu akachaguliwa mzee wa kanisa, akakaa benchi moja na wale waliokuja kumshtaki. Alikuwa mume mwema. Ila nilikuwa namvizia. Akitulia kidogo, akisimama na jembe bila kulima, nilijua alipo, na huko siwezi kumfuata wala kumtoa. Huwezi kugombana na marehemu.

Kisha siku moja nilikuwa Mlowo na magunia yangu, nikasikia mtu ananiita kutoka kwenye lori lililopaki.

"Mama! Wewe si yule wa vigelegele?"

Dereva, mtu mzima, mweusi wa pwani, kanzu imekunjwa kiunoni. Alikuwa wa kijiji kile kile, sasa anapeleka mizigo Tunduma kwa ajili ya Rhodesia. Akaniambia kwao hadithi yangu inasimuliwa mpaka harusini. Akaniambia Bibi yu hai, ananisalimu. Kisha akasema, akicheka, hajui anachokifanya: "Na mwamba umerudi rangi, Mama. Si wote. Lakini ule ulioutazama wewe, mbele ya nyumba ya Bibi, umerudi wa kahawia kama zamani. Bibi anasema mje sasa mpige vigelegele vya haki."

Nikamshukuru. Nikanunua chumvi, nikapanda kilima na habari ile kifuani kama kaa la moto, na sikuitoa. Nilimtazama mume wangu anakula, nikaogopa. Watoto walikuwa wakubwa, shamba limesimama, hakuna tena kilichomfunga. Akienda safari hii hatangoja nikaone kwanza. Nikawa mkali bila sababu. Akinisemesha nilimjibu mkato, na akinyamaza nilimwuliza anamnyamazia nani.

Mpaka asubuhi ile tulipokuwa tunachambua kahawa kichanjani, yeye upande ule, mimi upande huu, tunatoa punje mbovu. Lori likasikika mbali, barabarani. Akainua kichwa akalisikiliza mpaka likapotea. Ndivyo tu. Lakini mimi nilipasuka.

"Nenda basi!" nikamwambia, nikatupa punje niliyoshika. "Unasubiri nini? Matumbawe yako yamerudi rangi, ya kahawia, na samaki wake. Nenda, sanduku la bati liko chini ya kitanda, sitakushika shati!"

Akaendelea kuchambua.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Kwamba yamerudi. Yule dereva alinikuta Tunduma, ule mwaka tuliotoka harusini Ndalambo."

Tangu harusi ile kahawa ilikuwa imechumwa mara mbili. Nikasimama pale na mikono mitupu. Muda wote huo alikuwa anaamka, anavaa, anakwenda shambani, na kila asubuhi alikuwa anaweza kwenda na hakwenda. Mwanamke mwingine angefurahi. Mimi hiki kipya kiliniuma kuliko vya nyuma vyote, kwa sababu kitu usichokipenda unakiacha mara moja ukakisahau, na yeye alikuwa anamwacha yule kila siku.

"Mbona hukuniambia?"

Ndipo akanitazama.

"Ungelala?"

Nikainama nikaiokota ile punje niliyoitupa.

"Nisingelala," nikasema. "Na kuanzia leo silali."

Akasogeza punje mbovu ukingoni kwa kidole, akanipisha sehemu ya kichanja iliyokuwa na kivuli.

"Basi karibu," akasema. "Mimi silali tangu siku ile ya Tunduma."